Riba za stebokoini: nani anailipa na kura ni ya nani? Naombeni msaada kabla ya kikao cha Jumamosi

MwekaHazina_Moro

Wakuu habari za jioni, naombeni mnisaidie maana nimekwama na kikao ni Jumamosi. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu hapa Morogoro, tuko 27, sanduku la kufuli tatu kama kawaida, hisa kila wiki, tunakopeshana kwa riba ya asilimia 10 na mwezi wa kumi na mbili tunavunja tunagawana. Mwaka huu wakopaji wamepungua, kuna kama milioni 3 zimelala tangu mwezi wa tano hakuna anayezigusa, na kila kikao wananiuliza mama hela yetu inazaa nini mbona kitabu hakisogei.

Sasa mtoto wa dada yake katibu, kijana yuko chuo, kaleta hoja kwamba hizo milioni 3 tununue stebokoini, yani dola ya mtandaoni ambayo bei yake haipandi haishuki, tuiweke sehemu inapopata riba, Desemba tunarudisha kwenye shilingi tunagawana. Kanionyesha sehemu mbili kwenye simu. Moja ni ya stebokoini inayoitwa USDS, inatoa asilimia 4 na kitu kwa mwaka na imeandikwa kwamba riba inapangwa na jamii kwa kura. Ya pili ni programu nyingine, jina naomba nisilitaje, inaahidi asilimia 18 na yenyewe imeandika hivyo hivyo, jamii ndiyo inayoamua. Kijana simshuku hata kidogo, ni mtoto mkweli, ila nilipomuuliza hiyo riba nani analipa akajibu protokali, yani programu yenyewe inayojiendesha mtandaoni, ndiyo inalipa. Nikamuuliza na hiyo protokali inapata wapi, akanyamaza.

Kwenye kikoba mimi namjua anayelipa. Asilimia 10 ya mwanachama wangu inatoka kwenye genge lake la nyanya pale sokoni, nikipita asubuhi naliona. Kwa hiyo maswali yangu ni mawili tu, riba ya hizi dola za mtandaoni inatoka mfukoni mwa nani, na hiyo jamii inayopiga kura ni akina nani, sisi tukiweka hela yetu tunapata kura? Kijana anasema ni kikoba tu kama chetu ila cha dunia nzima, na hilo neno ndilo limewagusa wenzangu. Naomba mtu anayejua anieleze taratibu.

Fundi_Nodi

Dada karibu sana, na maswali yako ndiyo yenyewe, watu wanaweka mamilioni bila kuuliza hayo. Mimi niko Dar nafanya kazi za programu na huu mradi wa USDS naufuatilia tangu ulipokuwa unaitwa MakerDAO, kwa hiyo nitakueleza huo, ule wa 18 tutaurudia.

MakerDAO aliuanzisha Mdenmaki anaitwa Rune Christensen, dola yao ya kwanza, DAI, ilitoka Desemba 2017. Septemba 2024 mradi ukabadilisha jina ukawa Sky, DAI ikapata mdogo wake USDS, na tokeni ya kupigia kura iliyokuwa MKR ikawa SKY, ukiwa na MKR moja unapewa SKY 24,000. DAI bado ipo, nyuma yake ni mfumo ule ule.

Hela inavyoingia ni hivi. Mtu ana etha zake, yani sarafu ya mtandao wa Ethereum, hataki kuziuza, anaziweka rehani kwenye mfumo, tuseme zenye thamani ya dola 170, anachapishiwa dola 100 za DAI au USDS anaenda nazo kwenye shughuli zake. Kwa mkopo huo analipa ada ya mwaka, na thamani ya rehani ikishuka kupita kiwango inapigwa mnada mara moja bila kusubiri barua ya onyo. Huyo ndiye mwenye genge lako la nyanya, ila yeye mara nyingi amekopa ili anunue kripto zaidi, na hili naomba ulikumbuke maana ndilo linaloamua riba inapanda lini. Hela ya pili inatoka kwa serikali ya Marekani, kuanzia 2022 mfumo ulianza kuweka sehemu ya akiba yake kwenye dhamana za serikali za muda mfupi, Wamarekani wakilipa riba inaingia kwenye kapu. Na ipo ya tatu, inayokopeshwa kupitia Spark, tawi lao. Vyote vinaingia kapu moja, kapu linatoa riba ya waweka akiba, gharama, na kinachobaki ni cha wenye tokeni ya kura.

Kwa hiyo asilimia 4 ina mlipaji na unaweza kumfuata kwenye blokicheni, lile daftari la wazi la miamala, mpaka umwone, hiyo ndiyo sababu mimi naiheshimu. Lakini usiichukue kama ahadi. Angalia ilivyoruka. Agosti 2023 wakaipandisha hadi asilimia 8 kuvutia watu, wakati huo huo kukopa DAI pale Spark kulikuwa karibu asilimia 3, sasa matajiri wakafanya unachokiwaza, wakakopa kwa 3 wakaweka kwa 8 wakala tofauti huku wamekaa, mwezi haujaisha kura ikapigwa ikashushwa hadi 5. Machi 2024 bei za kripto zilipopaa kila mtu anataka kukopa, ikapandishwa hadi 15. Desemba 2024 ilikuwa 12.5 na Machi 2025 ikawa 4.5. Yani ndani ya miezi mitatu imebaki karibu theluthi moja, na hakuna aliyemvunjia mtu mkataba, ndivyo ilivyo tangu mwanzo.

Msee_wa_Rongai

Sasa hiyo ya 18 wacha mimi nizungumze, nimeona hii kitu na macho yangu.

2021 kule kwa mfumo wa Terra kulikuwa na Anchor, programu ya kuweka akiba na kukopa, ilitoka Machi mwaka huo, ukiweka stebokoini yao ya UST unapata karibu asilimia 19.5. Hapa Nairobi kila grupu ya WhatsApp ilikuwa inaongea hiyo number. Na ilikuwa na jamii pia, na kura pia, kila kitu kijana wenu amesema. Shida ilikuwa hesabu. Wakopaji walikuwa wachache kuliko waweka akiba, pesa yao haikutosha kulipa 19.5, so kila siku walikuwa wanachota kwa akiba ya mfumo kujazia. Akiba ilipokaribia kuisha Februari 2022 watu wa Terra wenyewe wakaweka UST milioni 450 ndani. Hebu fikiria kikoba chenu mwenyekiti analipa wanachama riba kutoka kwa mfuko wake wa suruali ndio wasiondoke, na nyinyi mnasherehekea riba.

Kitu inaniuma mpaka leo ni kwamba watu walijua. Kwa majadiliano yao iliandikwa waziwazi siku zilizobaki kabla akiba iishe. Machi 2022 jamii ikapiga kura wakakubali riba isogee polepole, isishuke zaidi ya asilimia moja na nusu kwa mwezi. Polepole! Moto umeshika jikoni na mnakubaliana kumwaga kikombe kimoja kwa mwezi. Na unaelewa mbona, anayepiga kura ndiye mwenye tokeni, bei ya tokeni ilikuwa inategemea watu waendelee kuja, na watu walikuwa wanakuja sababu ya 19.5. Hakuna mtu kwa hicho chumba alikuwa na faida ya kusema tupunguze leo. Mwezi wa tano riba ikashuka hadi 18, na tarehe 7 mwezi huo huo UST ikaanza kushuka chini ya dola moja. Wiki moja tu. LUNA, tokeni ya Terra iliyokuwa inashikilia UST, ilikuwa zaidi ya dola 60 ikafika chini ya senti. Karibu dola bilioni 40 zikapotea, na Do Kwon, mwanzilishi, alishikwa Montenegro Machi 2023 akapelekwa Marekani na Agosti 2025 akakiri makosa kortini New York.

Mimi sikuwa huko. Mimi niliingia ingine baadaye, sitaitaja, ilikuwa inaahidi 22, nikaweka pesa ya fees za sister yangu nikisema ni za miezi miwili tu. Kutoa pesa ikafungwa usiku, ujumbe ukasema jamii itapiga kura ya njia ya kulipa watu. Kura ilipigwa kweli. Nilisoma hiyo hoja yote nikakuta anayeweka akiba hana kura. Sister yangu alirudi shule term moja ikiwa imeenda.

Dada, uliza huyo kijana akuonyeshe wakopaji wa hiyo 18. Akikosa kukuonyesha, hiyo pesa ni ya wale watakaoingia baada yenu.

MwekaHazina_Moro

Msee pole sana kaka, pole na kwa dada yako. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili na nimempigia kijana simu nimemsomea, na yeye kakubali ile ya 18 tuiache kabisa, hilo limekwisha.

Fundi nakushukuru, nimeelewa mlipaji. Ila umesema kura ikapigwa ikashushwa, kura ikapigwa ikapandishwa. Bado sijajibiwa, sisi tukiweka hela tutapiga? Kwetu mwanachama mwenye hisa moja na mwenye hisa tano wote mkono mmoja, hilo tumeliandika kwenye katiba na tumeshagombana kwa ajili yake.

mzee_wa_kura

Hapo ndipo penyewe mama, na jibu ni hapana, kura hamtapata.

Ukiweka USDS kwenye akiba unapewa risiti inaitwa sUSDS, ile inakua thamani taratibu na ndiyo riba yako. Risiti hiyo haina kura. Anayepiga kura ni mwenye SKY, zamani MKR, na kura inahesabiwa kwa wingi wa tokeni, mtu mmoja akiwa na milioni ana kura milioni. Wengi wenye tokeni ndogo hawapigi, wanawakabidhi wawakilishi. Novemba 2024 walipopiga kura kama wabaki na jina la Sky au warudi Maker, wapiga kura wachache wakubwa waliamua karibu matokeo yote, unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Na kura yao haifanani na ya kwenu hata kidogo. Kwenu mnasema Jumamosi saa tisa mikono juu, katibu anahesabu, imeisha. Kule kura za utekelezaji haziishi, hoja iliyopita inabaki imekalia kiti mpaka ije nyingine yenye tokeni nyingi kuliko yake, ikishaizidi inakaa yenyewe, halafu inasubiri muda wa usalama, wa masaa kadhaa au siku, ndiyo inatekelezwa. Maana yake kama wenye tokeni wamelala, kiti kinaweza kukaliwa kwa tokeni chache, ndiyo maana wanalazimika kuwa macho mwaka mzima.

Nikueleze kwa nini mimi nasema mfano wa kikoba cha dunia haukai. Kwenu anayeweka, anayekopa na anayepiga kura ni mtu yule yule. Mama wa genge akipandishiwa riba anaumia kama mkopaji na Desemba anafaidika kama mwenye hisa, kwa hiyo akinyoosha mkono anapima pande zote mbili ndani ya kichwa chake. Kwenye Sky hao ni watu watatu tofauti. Anayeweka anataka riba iwe juu, mkopaji anataka ada iwe chini, mwenye SKY anataka kilichobaki katikati kiwe kikubwa. Na mwenye kura ni huyo wa tatu peke yake. Akiwapandishia nyinyi riba ni kwa sababu anataka mfuko ukue, akiwashushia ni kwa sababu anataka kilichobaki kiongezeke. Simlaumu, ni mali yake. Ila msiingie mkidhani nyinyi ni wanachama, nyinyi ni wateja.

Mfano ulioniuma mimi, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuufuatilia mradi huu na nilikuwa nauamini sana, ni wa tarehe 12 Machi 2020, wakati korona inaanza kutisha masoko. Siku hiyo etha ilishuka zaidi ya asilimia 40 kwa siku moja, mtandao ukajaa, ada za kutuma zikapanda, na minada ya rehani ikaendeshwa wakati wanunuzi wa kawaida hawawezi hata kufikisha zabuni zao. Wachache waliofika wakaweka zabuni ya sifuri wakashinda. Sifuri dada, si kwa bei ya kutupa. Etha za zaidi ya dola milioni 8 zikachukuliwa bure na waliokuwa wameweka rehani wakabaki hawana kitu, wakati mfumo uliwaahidi kwamba hata wakipigwa mnada watarudishiwa chenji. Ikabidi mfumo uchapishe MKR mpya uuze kuziba pengo. Waliopoteza wakaomba fidia, hoja ikaenda kwa wenye MKR Septemba 2020, ikakataliwa. Waliodhurika hawakuwa na kura ya kutosha, na wenye kura wangelipa fidia hiyo kwa kupunguza thamani ya tokeni zao wenyewe. Matokeo ungeweza kuyaandika kabla.

Halafu kuna hatari ya mtu kukopa kura. Kwenye blokicheni kuna kitu kinaitwa mkopo wa papo kwa papo, unakopa mamilioni bila rehani kwa sharti moja, uyarudishe ndani ya muamala ule ule, ukishindwa ni kama hujawahi kukopa. Oktoba 2020 wajenzi fulani walikopa MKR kwa njia hiyo wakapigia kura hoja yao wenyewe ya kuruhusiwa kusoma bei kutoka kwenye mfumo, wakarudisha. Hawakuiba kitu, lakini kila mtu alishtuka, na mfumo ukazibwa. Wengine hawakujifunza. Aprili 2022 stebokoini nyingine, Beanstalk, mtu alipeleka hoja, akasubiri siku moja, akakopa kwa papo kama dola bilioni moja, akapata zaidi ya theluthi mbili ya kura, akapitisha hoja yake kwa kipengele cha dharura na hoja yenyewe ilikuwa inasema hela zote zihamie kwake. Hasara dola milioni 182. Hakudukua kitu kwa maana tunayoijua, alishinda uchaguzi.

Na hata bila mkopo inawezekana, ukiwa na subira. Julai 2024 pale Compound, mradi mwingine wa kukopeshana kripto, kundi moja lilikusanya tokeni za kura za kutosha, zinaitwa COMP, likapitisha hoja lipewe COMP 499,000 za mfuko wa mradi, kama dola milioni 24 wakati ule, kura 682,191 dhidi ya 633,636. Ilipita Jumapili. Baadaye wakakubaliana wakaiondoa, lakini ilipita.

BintiSaid_Tanga

Assalaam alaykum wote. Mimi nitasema moja tu halafu niwaachie wataalamu. Mwenzangu mweka hazina, kwenye hao 27 hakuna Waislamu? Maana sisi kikundi chetu Tanga tulikuwa na mjadala kama huu mwaka jana, vijana wakatuambia hii si riba ni zawadi ya mfumo, jina wameliita hivyo kwa Kiingereza. Sasa Fundi hapo juu ameeleza vizuri kabisa kwamba ni mkopo na mkopaji analipa ada juu ya mkopo na wewe unapata sehemu yake. Hilo kwetu lina jina. Sisi tuliamua anayetaka afanye kwa hela yake, ya kikundi isiguswe, kwa sababu kuna kina mama watano wasingekubali na hela ni yao pia. Waulizeni mapema msije mkagombana Desemba wakati wa kugawana.

MwekaHazina_Moro

Waalaykum salaam dada Binti. Wapo tisa, na kwenye kikoba wao hawachukui ile riba ya mikopo, tunawaandikia hisa zao kando na faida yao inatoka kwenye mradi wa kuku. Sikuwa nimelifikiria kabisa hili, asante sana.

Mzee wa kura, nimekuelewa mpaka nimeumia kichwa. Kwa hiyo hata hii ya asilimia 4 unanishauri niikatae?

mzee_wa_kura

Hapana mama, sijasema hivyo, na nisieleweke vibaya, kati ya yote niliyoyataja huu ndio mfumo ambao ningempeleka mtu. Umepita Machi 2020, umepita 2022 wenzake wanaanguka, na Machi 2023 benki ya Silicon Valley ilipofungwa Marekani wakati kampuni ya Circle, mwenye stebokoini ya USDC, ana dola bilioni 3.3 ndani yake, USDC ikashuka chini ya senti 90 na DAI ikashuka nayo kwa sababu sehemu kubwa ya akiba yake ilikuwa USDC, Jumatatu zote zilikuwa zimerudi. Hesabu zake ziko wazi, hoja zake ziko wazi, wanagombana hadharani, mimi hilo napenda kuliko benki ambayo inakushushia riba na unakuja kuligundua kwenye taarifa ya mwezi. Nilichokataa ni lile neno kikoba. Mkiingia, ingieni kama mtu anayeweka hela kwenye duka la mwenzake, na muwe na mtu anayefuatilia hoja kila wiki, maana mkataba wa USDS wenyewe unaweza kubadilishwa kwa kura ambayo hamtapiga.

Fundi_Nodi

Naongezea kitu ambacho hakuna aliyekigusa na kwenu nyie wa kugawana Desemba ndicho kikubwa kuliko vyote, shilingi.

Stebokoini ni thabiti kwa dola. Wanachama wako wanakula, wanasomesha na wanagawana kwa shilingi. Kumbuka 2024, dola ilipita shilingi 2,700 kila mtu analia, halafu Desemba ile ile ikashuka hadi kama 2,400 ndani ya wiki chache. Sasa piga hesabu na mimi. Milioni 3 kwa 2,700 unapata dola kama 1,111. Ziweke miezi sita kwa asilimia 4.5, zinakuwa dola kama 1,136. Unafurahi, umepata dola 25. Unabadilisha Desemba kwa 2,400, unapata kama shilingi 2,726,000. Umepata riba yote, stebokoini haikutetereka, kura hazikufanyiwa mchezo, na bado wanachama wamepoteza zaidi ya laki mbili na nusu. Ingeweza kwenda upande mwingine pia na mngefaidi, sikatai, lakini hapo mnakuwa mnacheza na bei ya dola, hamuweki akiba.

Juu ya hapo weka gharama ya kununua na kuuza kwa watu wa mtandaoni, ambao kila mmoja anakula kipande chake, ada ya mtandao wa Ethereum ambayo siku ya msongamano inaweza kumaliza riba ya miezi kwa hela ndogo kama yenu, na ile kodi ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali iliyoingia na Sheria ya Fedha ya 2024. Na tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 la kukataza sarafu hizi watu wengi wanalisahau. Kwa hela ya mtu binafsi ni uamuzi wake, kwa hela ya watu 27 wewe ndiye utakayeulizwa.

Na swali la mwisho, ufunguo atashika nani? Sanduku lenu lina kufuli tatu kwa watu watatu. Kijana akifungua pochi kwenye simu yake, ule mpangilio wote mliojiwekea umekufa, maneno 12 ya siri yanayofungua pochi yanakuwa kwa mtu mmoja. Ipo pochi ya sahihi nyingi, mnaweza kuweka watatu na muamala usipite mpaka wawili wasaini, inafanana sana na sanduku lenu, ila lazima wote watatu wawe na simu nzuri na wajue wanachosaini.

Msee_wa_Rongai

Hiyo ya ufunguo tafadhali msiipuuze. Hata kama mngekuwa mnaweka elfu kumi.

MwekaHazina_Moro

Jamani sina la kusema zaidi ya asante, nimekaa na kalamu usiku huu wote.

Nitakavyopeleka Jumamosi ni hivi. Milioni 3 za kikoba zinabaki, na nitaomba tushushe riba ya mkopo kutoka 10 hadi 7 kwa mikopo midogo ya msimu huu, maana nikiangalia kitabu vizuri wakopaji walianza kupungua pale tulipoongeza faini ya kuchelewa, na waliopiga kura ya ile faini ni sisi ambao hatukopi. Niliposoma habari ya wale wa zabuni ya sifuri waliokataliwa fidia ndipo hilo likanijia. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono siku ile.

Kijana nimemwomba aje kikaoni asione aibu, aeleze kama mlivyonieleza nyie, na wanaotaka kujaribu wajaribu kwa hela zao, yeye awasaidie kufungua pochi kila mtu na maneno yake. Katibu ameniuliza kama tunaweza angalau kuweka laki moja ya mfuko wa jamii kama majaribio. Nimemwambia mfuko wa jamii ni wa misiba na wagonjwa, ikitokea msiba wiki ambayo dola imeshuka nitasema nini mbele ya wafiwa.

Fundi, hiyo pochi ya sahihi nyingi naomba unielekeze siku nyingine ukipata nafasi, watatu wetu wenye funguo wote wana simu na ningependa tujifunze kwa hela kidogo yetu wenyewe.

Fundi_Nodi

Nipo dada. Baada ya kikao niandikie hapa hapa, tutaanza na mtandao wa majaribio ambao hela yake si ya kweli, mkikosea hakuna anayeumia.